Tusimwimbie Mungu kwa Vyombo vya Wizi

Mazungumzo ya redioni. Fungu la kusoma: 2 Samweli 24:18-25

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya muziki wa ibada, na hasa juu ya jambo moja ambalo halisemwi sana katika makanisa yetu, ingawa linatendeka karibu kabisa na madhabahu. Ni habari ya programu za kompyuta zinazotoa sauti za okestra, na ya nakala zake za wizi.

Yamkini mzee mmoja anayetusikiliza atauliza, "Mambo ya kompyuta yatuhusu nini sisi?" Twamwomba avumilie kidogo. Ikiwa kwaya ya kanisa lake imenasa nyimbo zake katika miaka ya karibuni, na nyuma ya waimbaji zikasikika fidla nyingi, tarumbeta na ngoma kubwa zikinguruma, hali ushirika mzima hauna hata mpiga fidla mmoja, basi jambo hili limekwisha kumfikia. Sauti hizo zilitoka wapi? Ni nani aliyezipiga? Na je, mwenyewe alilipwa?

Kwanza na tueleze vyombo hivi ni nini, maana mtu hawezi kujua uzito wa kitu kilichoibwa asipojua kilivyofanywa.

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta hujitungia yenyewe sauti ya fidla, kama vile saa inavyolia kengele yake. Sivyo ilivyo. Programu nyingi za okestra zilizo nzuri zimebeba sauti za wanadamu wa kweli waliopiga vyombo vya kweli. Fikira hiyo si ngeni. Mwaka 1963, katika mji wa Birmingham, Uingereza, kilianza kutengenezwa kinanda kilichoitwa Mellotron. Chini ya kila kibonyezo cha kinanda hicho palikuwa na ukanda wake, kama kanda hizi tulizozijua sisi, nao ulikuwa umenaswa sauti moja ya fidla, au filimbi, au kwaya. Ukibonyeza, ukanda ulipita na sauti ikasikika kwa muda wa sekunde nane hivi, kisha ukarudi mahali pake. Mkono ulikuwa wa mpiga kinanda, lakini sauti ilikuwa ya mtu mwingine, aliyeketi mbele ya maikrofoni siku nyingine na mahali pengine.

Programu za leo hufuata njia iyo hiyo, ila kanda zimetoweka na sauti zimewekwa katika kompyuta. Mpiga fidla huketi katika chumba kilicho kimya kabisa. Hupiga do, akangoja mpaka sauti ife yenyewe. Hupiga do tena, mara hii polepole. Hupiga tena kwa nguvu. Kisha hupiga kwa kuvuta upinde kwa urefu, kisha kwa kuukata, kisha kwa kudonoa nyuzi kwa kidole. Akimaliza do, huanza re, na kuendelea hivyo mpaka juu kabisa. Baada yake huja mpiga chelo, na mpiga filimbi, na mpiga tarumbeta. Kila sauti husikilizwa, hukatwa, hupangwa na kupewa nafasi yake, hata kijana aliye Kakamega au Voi akibonyeza kinanda kidogo kilichounganishwa na kompyuta, okestra nzima inamjibu.

Katika mji wa Vienna, Austria, alikuwako mpiga chelo mmoja jina lake Herb Tucmandl. Yeye ndiye aliyeanzisha kazi ya kuzikusanya sauti za namna hiyo katika maktaba iitwayo Vienna Symphonic Library. Huko Uingereza, kampuni ya Spitfire Audio, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilitoa mwaka 2019 programu yenye sauti za okestra ya shirika la utangazaji la BBC. Wapigaji walikuwa 99, vyombo vilikuwa 55, na namna za kuvipiga zilikuwa 418. Programu yote hujaza gigabaiti 600 hivi. Anayejua kidogo mambo ya kompyuta ataona kwamba huo ni mzigo mkubwa mno.

Tena lipo jambo moja litakalowagusa wasikilizaji wetu. Sauti nyingi za kampuni hiyo zilinaswa katika jumba lililoko Hampstead, London, ambalo tangu mwaka 1992 limekuwa studio ya AIR, iliyoanzishwa na George Martin. Jumba hilo lilijengwa katika miaka ya 1880 kwa mchoro wa Alfred Waterhouse, nalo halikujengwa liwe studio. Lilikuwa kanisa, kanisa la ndugu zetu Wakongregesheni. Kwa hiyo baadhi ya sauti zinazosikika leo katika nyimbo za kwaya zetu zilipigwa chini ya paa lililojengwa kwa ajili ya ibada. Ni ajabu nzuri, na ingekuwa nzuri zaidi kama sauti hizo zingetufikia kwa njia iliyo safi.

Basi sasa tumfikirie kijana mmoja. Hatumtaji jina, kwa maana yuko katika makanisa mengi. Amejifunza kinanda, amejifunza kompyuta, na kanisa limempa chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mchungaji ili anase nyimbo za kwaya. Mwenyekiti wa kwaya anamjia na kusema, "Kijana wetu, twataka muziki mzito kama ule wa kwaya fulani. Sikukuu ni mwezi ujao." Kijana anauliza juu ya fedha. Anaambiwa, "Wewe jitahidi tu, Bwana atakulipa." Programu ile ya okestra ya BBC ilipotolewa, bei yake kamili ilikaribia dola 1,000 za Marekani. Kijana hana kitu hicho, wala kwaya haikumwahidi hata sehemu yake. Usiku anafungua intaneti, na pale anaipata programu iyo hiyo, imevunjwa kufuli, haina bei. Anaichukua. Mwezi unaofuata okestra inanguruma, washarika wanapiga makofi, na mwenyekiti anasema, "Mungu ametutendea makuu."

Wapendwa, ni nani aliyetenda hayo? Tusiwe wepesi kumtupia kijana mzigo wote. Yule aliyeagiza sauti ya shilingi laki moja na kutoa shilingi sifuri, asiulize itapatikana wapi, naye ameshiriki. Wizi wa namna hii mara nyingi una mikono miwili: mmoja unaochukua, na mwingine unaojifanya haukuona.

Kitabu cha pili cha Samweli kinatueleza habari ya mfalme Daudi siku ile tauni ilipoipiga nchi. Nabii Gadi alimwagiza ajenge madhabahu katika kiwanja cha kupuria cha Arauna Myebusi. Daudi akapanda kwenda huko. Arauna alipomwona mfalme akainama mpaka chini, akamtolea kila kitu kwa moyo mweupe: kiwanja, na ng'ombe wa sadaka, na vyombo vya ng'ombe viwe kuni. Hakutaka hata fedha kidogo. Na haja ilikuwa kubwa, watu walikuwa wakifa. Kama palipata kuwa na siku ya kuchukua bila kulipa kwa sababu ya kazi ya Mungu, ingekuwa siku ile. Lakini Daudi alikataa. Alijua kwamba sadaka iliyogharimiwa na mtu mwingine si sadaka yake. Akalipa shekeli hamsini za fedha, kisha ndipo akajenga madhabahu.

Angalieni jambo hili. Arauna alikuwa ametoa kwa hiari, na hata hivyo mfalme akalipa. Sisi twachukua kwa watu ambao hawakutoa, walioandika bei yao wazi na kufunga mlango kwa kufuli. Twavunja kufuli, twaingia, twachukua, kisha twaweka tulichochukua juu ya madhabahu na kusema ni kwa utukufu wa Mungu. Je, Daudi akituona atasemaje?

Twajua kwamba wako watakaojitetea, na hoja zao tumezisikia. Na tuzitazame moja moja kwa upole.

Wengine husema, "Sisi hatukuondoa kitu. Nakala ya mwenyewe bado iko kwake." Ni kweli kwamba mwenye programu hakuamka akakuta ghala lake tupu. Lakini mtu akiingia katika basi la Mombasa kwa ujanja, akateremka bila kulipa nauli, basi bado lipo. Dereva amefanya kazi, mafuta yamechomwa, na abiria huyo amefika alikokuwa akienda. Alichoiba ni ujira. Ndivyo ilivyo kwa mpiga chelo yule aliyeketi siku nzima akirudia sauti moja.

Wengine husema, "Hao ni Wazungu, ni matajiri, hawataona pengo." Amri ya kutoiba haikuandikwa kwa ajili ya kuwalinda maskini peke yao. Tena na tukumbuke yaliyotupata sisi wenyewe. Waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980 wanakumbuka habari za kanda. Kwaya zilichanga fedha, zikapanda magari usiku, zikafika Nairobi zikanasa nyimbo. Kanda ilipotoka, baada ya muda mfupi nakala za wizi zilikuwa zikiuzwa vituoni mwa mabasi kwa bei ndogo, na waimbaji hawakupata hata senti. Kule River Road, palipokuwa na maduka mengi ya muziki na vyumba vya kunasia, wafanyaji wa kanda na santuri za halali waliumizwa vibaya na biashara hiyo ya giza. Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Basi, je, jambo lililokuwa uovu tulipotendwa sisi, limegeuka kuwa hekima tunapotenda sisi? Mkuki kwa nguruwe, walisema wazee wetu, kwa binadamu mchungu.

Na wengine husema, "Ni kwa kazi ya Bwana." Hoja hii ndiyo inayotuhuzunisha kuliko zote, kwa maana inamfanya Mungu kuwa mpokeaji wa mali ya wizi. Hakuna mchungaji atakayemruhusu shemasi kuiba viti vya shule jirani ili washarika wapate kuketi wakati wa mahubiri. Basi kwa nini fidla zichukuliwe?

Mpaka hapa tumesema juu ya haki. Lakini wizi huu una hatari nyingine, nayo humrudia mwizi mwenyewe. Twaomba msikilize kwa makini, hasa nyinyi mnaotunza kompyuta za makanisa na shule.

Mtu anayevunja kufuli ya programu na kuitawanya bure hatendi hivyo sikuzote kwa ukarimu. Mwezi wa Juni 2019, kampuni ya ESET ya Slovakia, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta, ilitangaza kwamba imegundua programu moja ya uhalifu ikaipa jina la LoudMiner. Tangu Agosti 2018 ilikuwa ikienezwa ndani ya nakala za wizi za programu za muziki. Katika mahali pamoja tu penye kutoa nakala hizo, wachunguzi walihesabu programu 137, nazo zilikuwa za kompyuta za Windows na za Mac. Mtu alipoweka programu ya muziki, aliweka pia mgeni asiyemwalika. Mgeni huyo alijificha ndani, akazitumia nguvu za kompyuta usiku na mchana kumtafutia mwenyewe fedha za kidijitali. Mwenye kompyuta alilipa umeme, na faida ikaenda kwa mtu asiyemjua.

Na kwa nini wahalifu hao walichagua muziki? Wachunguzi walieleza sababu, nayo yapasa kutufundisha. Watu wa muziki hununua kompyuta zenye nguvu. Kompyuta hizo zikipata joto na kuhema, mwenyewe hashangai, hudhani ni kwa sababu ya kazi ya muziki. Tena programu za muziki ni kubwa mno, hata mzigo mwingine ukiongezwa ndani yake si rahisi kuonekana. Mwizi mwerevu huenda palipo na mlango mpana.

Mwaka uliofuata, yaani mwishoni mwa Juni 2020, lilionekana jambo baya zaidi. Nakala za wizi za programu kadhaa za kompyuta za Mac, zikiwamo Ableton Live na Mixed In Key ambazo ni za watu wa muziki, zilikutwa zimebeba programu iliyoitwa EvilQuest, na baadaye ThiefQuest. Hiyo ilifunga mafaili ya mtu kwa kufuli asilolijua, ikadai dola 50 ili yafunguliwe. Anwani ya kulipia ilikuwa moja kwa watu wote, wala hapakuwa na mahali pa kumjulisha mwizi kwamba wewe umelipa. Zaidi ya hayo, iliweza kuchukua mafaili na kunasa yale mtu anayoyaandika kwa vidole vyake.

Sasa tufikirie kompyuta iliyo katika chumba kile nyuma ya ofisi ya mchungaji. Je, ni ya muziki tu? Mara nyingi ndiyo hiyo hiyo yenye orodha ya washarika na namba zao za simu, hesabu za mhazini, barua za siri ambazo mchungaji ameandikiwa na watu wenye shida za nyumbani, na maneno ya siri ya kufungulia akaunti ya benki ya kanisa. Kijana alitaka fidla. Lakini maelekezo yanayokuja na nakala za wizi mara nyingi humwambia mtu azime kwanza ulinzi wa kompyuta, kisha aipe programu ruhusa zote. Ni sawa na kumfukuza mlinzi wa lango, kumpa mgeni funguo za vyumba vyote, kisha kwenda kulala.

Hatusemi kwamba kila nakala ya wizi ina sumu. Twasema kwamba anayeichukua hana njia ya hakika ya kujua. Na hata isiyo na sumu ina taabu zake. Haipati marekebisho kutoka kwa mtengenezaji. Siku kompyuta inapobadilishwa huenda isifunguke tena, na wimbo uliofanyiwa kazi mwezi mzima ukabaki bila fidla zake. Wala huwezi kumwandikia mwenyewe ukiomba msaada, maana utamwambia uliipata wapi?

Iko pia sheria ya nchi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda kazi za uandishi, na kunakili na kuuza bila ruhusa kwaweza kumfikisha mtu mahakamani. Kwaya inayotaka kuuza nyimbo zake, au kuzipeleka redioni, haifai kuanza safari hiyo ikiwa na deni la namna hii mgongoni.

Basi, wapenzi wasikilizaji, tufanye nini? Hatukuja kuwaacha na lawama tu. Njia safi zipo, tena ni nyingi kuliko tunavyodhani.

Njia ya kwanza ni kukubali zawadi iliyotolewa na mwenyewe. Kilicho bure kwa ruhusa ya mwenyewe si wizi. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, tangu mwaka 1997 kimeweka wazi sauti za vyombo vya okestra ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia. Ipo maktaba iitwayo VSCO 2 Community Edition, ambayo watengenezaji wake waliiachilia kwa watu wote. Programu ya kuandikia muziki iitwayo MuseScore haitozi kitu, na toleo lake la nne, lililotolewa Desemba 2022, lilikuja na sauti nzuri za okestra zisizolipiwa. Na ile ile kampuni ya Spitfire, mwaka 2020, ilitoa toleo dogo la okestra ya BBC liitwalo Discover, ambalo mtu asiye na fedha aliweza kulipata kwa kujaza maswali na kungoja siku kumi na nne. Angalieni: wapo walioiba kitu ambacho wangeweza kuanza nacho kwa kungoja majuma mawili.

Mtu atasema, "Je, Daudi hakukataa kitu cha bure?" Ni kweli. Kwa hiyo hata tunapopokea zawadi, sadaka yetu na iwe na gharama yetu wenyewe ndani yake: mazoezi ya jioni, kujifunza kupanga sauti vema, na kumshukuru aliyetoa. Fidla za bure zilizopangwa na mtu mwenye bidii husikika vizuri kuliko fidla za thamani zilizotupwa ovyo.

Njia ya pili ni kulipa kidogo kidogo. Baadhi ya kampuni hukodisha sauti zao kwa mwezi. Nyingine huwapunguzia bei wanafunzi na walimu, na nyingi hushusha bei mara kadhaa kwa mwaka. Kijana mwenye subira anaweza kujenga okestra yake chombo kwa chombo, fidla mwaka huu, tarumbeta mwaka ujao. Na kwa kawaida akishalipa, nyimbo atakazotunga kwa sauti hizo ni zake. Aweza kuziuza bila kulipa tena, ilimradi asizigawe zile sauti zenyewe kwa wengine. Lakini na asome masharti ya leseni kabla ya kukubali.

Njia ya tatu yawahusu wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya. Sisi hufanya harambee za viti, za mahema, za vipaza sauti na za sare za kwaya. Hatujapata kusikia mtu akisema sare zichukuliwe dukani bila kulipa kwa sababu ni za Bwana. Basi na leseni iandikwe katika makisio ya mwaka kama kitambaa na nauli zinavyoandikwa. Na kila tunapopeleka kwaya studio, tuulize swali moja kabla ya kuimba: "Vyombo hivi mna leseni navyo?" Tuulize kwa adabu, tena tuwe tayari kulipa bei inayolingana na jibu la kweli. Tukitaka bei ya chini kuliko haki, tusiulize swali hilo, maana tutakuwa tunamlazimisha mtu aseme uongo.

Njia ya nne ni ya zamani kuliko zote. Tuna kayamba, tuna ngoma, tuna sauti nne za wanadamu, soprano, alto, tena na besi, ambazo Mungu ametupa bila kufuli. Wimbo ulioimbwa kwa sauti hizo na kayamba moja si wimbo wa kimaskini. Hatuzipingi fidla hata kidogo, twazipenda. Lakini ikiwa ni lazima kuchagua kati ya okestra ya wizi na kayamba iliyo yetu, basi na tuishike kayamba kwa furaha.

Na wewe kijana unayetusikiliza, ambaye tayari unazo nakala hizo katika kompyuta yako, usiogope wala usikate tamaa. Weka salama mafaili ya nyimbo zako. Futa zile programu za wizi. Ikiwezekana mtafute fundi mwaminifu aisafishe kompyuta yote na kuianza upya, kisha badili maneno yako ya siri ukitumia chombo kingine kilicho safi. Baadhi ya nyimbo zako zitapoteza fidla zake kwa muda. Huo ndio utakuwa mwanzo wa shekeli zako hamsini. Zakayo naye alikuwa amezoea kuchukua visivyo vyake. Siku Bwana alipoingia nyumbani mwake hakusubiri kuhukumiwa. Alisimama mwenyewe akaanza kurudisha. Nenda kwa mwenyekiti wa kwaya, umweleze ukweli. Nawe mwenyekiti, akija, usimkemee. Mwulize ni kiasi gani kinahitajika, kisha uitishe kikao.

Jumapili ijayo kwaya zitasimama tena mbele za watu. Huenda katika makanisa mengine okestra itapungua, na sauti isiwe nzito kama ile ya mwezi uliopita. Washarika wakiuliza sababu, waelezwe bila haya. Na wakishaelezwa, kapu la sadaka likipita, nao wajue la kufanya.

Tuombe.

Ee Bwana, mwenye vitu vyote, umetupa midomo ya kuimba na masikio ya kusikia. Uwabariki wale ambao hatuwajui, waliopiga fidla na filimbi katika nchi za mbali ili sauti zao zitufikie. Utuepushe na sadaka isiyo yetu. Uwape vijana wetu uvumilivu, na viongozi wetu moyo wa kulipa. Usafishe vyumba vyetu vya muziki, na mioyo yetu kwanza. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, mpaka wakati mwingine. Mungu awe nanyi.